Jina Jingine la Mama

Juzi vijana wawili walikuwa wakibandika mabango ya kampeni kwenye ukuta wa mabati karibu na mahali ninapofanya kazi. Mmoja alibeba ndoo ya gundi, ile inayopikwa kwa unga wa ngano, na upepo ukaniletea harufu yake usoni: unga uliopikwa bila chumvi na karatasi iliyolowa. Nikasimama. Kijana aliyeshika brashi alinitazama kwa wasiwasi, labda akidhani nataka kumkemea kwa sababu ya mwanasiasa wake. Singeweza kumweleza kwamba hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mikono ya mama yangu wakati ule nilipoamini kwamba ana familia nyingine Kawangware.

Tulikuwa tunaishi Gatwekera, huko Kibera, katika chumba kimoja cha udongo na mabati, mimi, baba, mama na ndugu yangu Felix, ambaye sote tulimwita Felo. Baba alifanya kazi ya mjengo popote alipoitwa. Mama aliuza maharagwe ya kuchemsha mlangoni jioni. Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa kifungua mimba, jambo ambalo nililichukulia kwa uzito sana. Kila mtu kwenye ploti, ule ua wa vyumba vya kupanga, alimwita mama kwa jina langu. Mama Adhis, maharagwe yameiva? Mama Adhis, maji yamekuja. Niliposikia hivyo nilihisi kama ni mimi ninayeitwa, na mama amepewa tu ruhusa ya kuitika.

Felo alikuwa na miaka minne na hakuwa akitembea. Shingo yake ilichelewa kukaza, kukaa kwake kukachelewa, na maneno hayakuwa yamekuja kabisa. Alikuwa na sauti moja ndefu ya kuniita mimi, na nyingine fupi ya kuomba chai. Akicheka, mwili mzima ulicheka, mpaka vidole vya miguu. Mimi sikuona tatizo. Nilidhani kila mtoto huchagua siku ya kuanza kutembea, na Felo hakuwa amechagua bado kwa sababu kubebwa kulimpendeza.

Ila nilijua kwamba wageni wakija, Felo hulazwa kitandani na pazia kuvutwa. Baba ndiye aliyetaka iwe hivyo. Sikumwona kama mtu mkali, na hata sasa simwoni hivyo. Alimwogesha Felo mwenyewe kila Jumapili, akamkata kucha, akamwimbia kwa Kijaluo nyimbo ambazo mimi sikuimbiwa. Lakini nyumbani kwao kando ya ziwa walikuwa wamesema mengi kuhusu mtoto huyo na kuhusu damu ya mama, naye alikuwa ameamua kwamba watu wasipoona hawatasema. Kwenye mfereji wa maji, mama akiulizwa ana watoto wangapi, alisema ana mmoja. Nilimsikia mara nyingi. Kwangu ilikuwa kama heshima.

Kisha Alhamisi zikaanza. Mama alimwambia baba kwamba amepata nyumba ya kufulia nguo Kawangware, siku moja kwa wiki, na kwamba atakuwa anaenda na Felo mgongoni kwa kuwa hana wa kumwachia. Baba akasema amfunike vizuri. Basi kila Alhamisi asubuhi nilipokuwa navaa sare ya shule, mama alimfunga Felo kwa leso mbili, moja ya kumbeba na nyingine ya kumfunika kuanzia kichwani, akaondoka.

Aliporudi jioni hakunuka sabuni. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, kwa kuwa niliijua harufu ya mama akitoka kufua. Alinuka unga. Kwenye viwiko vyake kulikuwa na magamba meupe yaliyokauka, nami niliyabandua kwa ukucha huku akichambua maharagwe. Na alikuwa akiimba chinichini. Mama aliyetoka kuinama juu ya karai siku nzima haimbi. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililijua.

Jumamosi moja tulienda soko la Toi kunitafutia sweta ya mtumba. Tukiwa tumeinama juu ya rundo la nguo, nikasikia sauti ya mwanamke ikiita, "Mama Felo."

Mama aligeuka upesi. Sikuwahi kumwona akigeukia jina langu hivyo. Mwanamke aliyeita alikuwa mnene, amejifunga kitambaa chekundu kichwani, na walikumbatiana kama watu waliolelewa nyumba moja. Walizungumza haraka, wakacheka, na mimi nilibaki na sweta mkononi nikiwaangalia. Kabla ya kuachana yule mwanamke alisema, "Wambo analia usipokuja. Na kiti chake kimekauka, kimebakisha rangi tu."

"Mwambie Wambo nakuja Alhamisi," mama akajibu.

Njiani kurudi nyumbani mama aliniambia nisimtajie baba kwamba tumekutana na mtu, atamwambia mwenyewe. Hapo yote yakajipanga kichwani mwangu. Mama alikuwa na jina jingine mahali pengine. Alikuwa na mtoto anayeitwa Wambo, anayemlilia, aliyetengenezewa kiti. Mimi nilikalia mtungi wa plastiki wa maji uliolazwa ubavu. Hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kiti. Na huko aliko Wambo, mama haitwi kwa jina langu, maana yake huko mimi sipo.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima na usiku wake. Jumapili baba alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo kilichoning'inia kwenye msumari, na mama ameenda kuchota maji. Nikamwambia.

"Baba, mama ako na watoto wengine Kawangware."

Wembe ulisimama shavuni. Aliniambia nirudie, nikarudia, nikaongeza kuhusu kiti na kitambaa chekundu na unga wa kwenye viwiko. Nilitarajia acheke, aniambie mimi ni mjinga, na moyo wangu utulie. Hakucheka. Alimaliza kunyoa upande wa pili polepole sana, akaosha wembe, na hakulitaja tena jambo hilo hadi Alhamisi. Leo mimi ni mke wa mtu na ninaweza kukisia ni mambo gani yalimpitia kichwani siku zile nne. Wakati ule nilijua tu kwamba nimefanya kitu kikubwa na siwezi kukirudisha.

Alhamisi hakwenda kazini. Aliaga kama kawaida, lakini nilipotoka kwenda shule nilimkuta amesimama kando ya kibanda cha mkaa. Alinishika mkono, akasema leo shule nitaikosa. Tulingoja. Mama alipotoka na Felo mgongoni tukamwacha atangulie, kisha tukamfuata kwa mbali.

Haikuwa vigumu kumfuata, kwa maana alienda polepole. Felo alikuwa mtoto mkubwa na miguu yake ilikaza kama fimbo, ikimgonga mama mapajani kila hatua. Alipanda ule mlima wa kutoka Gatwekera akiwa ameinama karibu kugusa ardhi. Tulipofika Olympic, mahali ambapo watu wanaotujua walikuwa wanaanza kupungua, alisimama kando ya ukuta, akaangalia nyuma na mbele, kisha akaitoa ile leso iliyomfunika Felo kichwa. Felo akainua uso. Aliangalia magari, waya za umeme, mbuzi, kila kitu, na hata kutoka mbali tulisikia ile sauti yake ya kucheka. Nilimtazama baba. Alikuwa amefunga mdomo kwa nguvu kama mtu anayeumwa jino.

Nilidhani tumekaribia. Hatukuwa tumekaribia. Tulipita Jamhuri, tukatokea barabara ya Ngong, tukaifuata hadi Dagoretti Corner. Mara tatu mama alisimama, akaegemea mlingoti au ukuta, akamfungua Felo na kumfunga upya, akaendelea. Mara ya tatu alikaa chini kabisa, kwenye jiwe, akaisugua miguu yake. Baba alipiga hatua moja mbele kama anayetaka kumkimbilia, akajizuia. "Kila wiki," alisema, lakini hakuwa akizungumza nami.

Kawangware mama aliingia kwenye uwanja mdogo nyuma ya kanisa la mabati. Tukasimama langoni. Ndani kulikuwa na mikeka iliyotandikwa, maboksi ya dukani yaliyokunjuliwa na kupangwa kama ukuta, na sufuria kubwa juu ya jiko ikichemka ule uji mzito niliokuwa nikiunusa mikononi mwa mama. Kando ya ukuta viti vidogo vya ajabu vilikuwa vimeanikwa juani. Vilitengenezwa kwa maboksi yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka hadi yakawa magumu kama mbao, kila kimoja na umbo lake, kingine na mahali pa kukaza kiuno, kingine na meza mbele. Walikuwepo wanawake kama wanane. Na watoto. Mimi nilikuwa nikidhani Felo ni mmoja tu duniani, na sasa niliwaona akina Felo wengi kwenye mkeka, wengine wakubwa kuliko mimi.

Mama alimfungua Felo akampa yule mwanamke wa kitambaa chekundu bila hata kumtazama, kama unavyompa dada yako kikombe. Kisha akakaa, akamvuta karibu msichana mwembamba ambaye magoti yake yalikuwa yamejifunga pamoja, akaanza kuunyoosha mguu wake mmoja taratibu huku akimwimbia. Msichana alilia kidogo, mama akaimba zaidi, hakuacha. Baadaye nilielezwa kwamba hiyo ilikuwa sheria yao. Daktari wa mazoezi aliwafundisha namna ya kunyoosha na kukanda, lakini wazazi wenyewe ndio waliogundua kwamba mtoto wako akilia unaacha, au unalia naye. Wa mwenzako unaweza kumvumilia mpaka mwisho. Viti navyo vilikuwa hivyohivyo: hakuna aliyetengeneza cha mtoto wake. Mama yangu alimtengenezea Wambo, yule msichana mwembamba, na mama yake Wambo, yule wa kitambaa chekundu, alikuwa anamtengenezea Felo.

"Ndio hao, baba," nilinong'ona.

Hakunisikia. Alikuwa akimwangalia Felo. Mama Wambo alikuwa amempeleka kwenye fito mbili zilizofungwa sambamba, zilizomfika kifuani, akamsimamisha katikati na kumshikisha mikono. Kisha akaondoa mikono yake mwenyewe. Felo alitetemeka, makalio yakaenda huku na huku, lakini hakuanguka. Alikuwa amesimama. Baba hakuwa amewahi kumwona mwanawe kwa urefu wake wote. Vidole vyangu viliuma mkononi mwake.

Mama Wambo aliinua macho akatuona. Hakutujua. Aliniona Toi, lakini siku hiyo alikuwa akimwangalia mama tu. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anavyomuuliza kila mgeni, "Karibuni. Wewe ni baba ya nani?"

Mama aligeuka. Sijasahau uso wake. Aliganda na mguu wa Wambo mikononi, na wimbo ukakatika katikati.

Baba alikuwa Baba Adhis. Mjengoni walimwita hivyo, kanisani pia, hata kwenye ploti. Nilingoja aseme jina langu. Wanawake wengine nao wakageuka.

"Baba Felo," alisema.

Hakuna aliyepiga makofi wala vigelegele. Mama Wambo alimtazama baba juu mpaka chini, akamtazama mama, na nadhani alielewa kila kitu. Akasema, "Basi, Baba Felo, hapa hakuna wa kusimama tu. Uko na mikono mikubwa. Hiyo gundi inataka kukorogwa." Akampa mwiko. Baba alivua koti, akalining'iniza langoni, akainama juu ya sufuria. Mama aliendelea na mguu wa Wambo, ila wimbo haukurudi haraka, na machozi yalidondoka juu ya goti la mtoto wa watu.

Jioni tulirudi pamoja kwa miguu, baba akiwa amembeba Felo mabegani na kumshika miguu yote miwili. Tulipita Dagoretti Corner. Kisha mama akasema kwamba alimdanganya kuhusu kufua, na kwamba hana la kujitetea.

"Ungeniambia, ningekukataza," baba akajibu. "Kwa hivyo ulifanya vizuri."

Tulipofika Olympic mama alinyoosha mkono na leso ili amfunike Felo, kwa mazoea tu.

"Wacha," baba akasema. "Wacha aone."

Tukashuka Gatwekera hivyo, mwanga ungalipo, katikati ya watu waliotoka kazini na wanawake waliokaanga samaki kando ya njia, Felo akiwa juu kuliko kila mtu akipiga kelele za furaha. Watu walitazama. Baba aliwasalimu mmoja mmoja.

Nilipokuwa najiandaa kulala nilimuuliza mama kama bado yeye ni Mama Adhis. Nilikuwa nimelishikilia swali hilo tangu Toi na lilikuwa limeniumiza kuliko nilivyoonyesha. Alinivuta karibu, na mikono yake ilinuka ile gundi. Aliniambia jina langu linaitwa na watu wote tangu asubuhi. La Felo halikuwa na mtu wa kuliita, hata yeye mwenyewe hakuwa akiliita, na siku ya kwanza walipomwita hivyo Kawangware hakuitika, alidhani anaitwa mtu mwingine. Niliona haya, ingawa hakunikemea hata kidogo. Hajawahi kunikemea kwa kwenda kumwambia baba. Mara nyingine hucheka na kusema mimi ndiye niliyemleta baba kwenye kikundi.

Baada ya hapo baba alianza kukusanya maboksi. Alipitia madukani akitoka kazini, akaja nayo kichwani, na chumba chetu kikajaa hadi tukawa tunapita ubavu. Mkono wake wa mjengo ulifaa sana. Alijua kupima, alijua kona inavyotakiwa kukaa, na viti vya Kawangware vikaanza kunyooka. Mwezi uliofuata alisema haifai akina mama wa Kibera kutembea umbali ule wote, akaenda kwa msimamizi wa ploti kuomba watumie ua Jumamosi. Msimamizi hakutaka. Alisema watoto hao watafukuza wapangaji. Baba hakugombana naye. Alimpeleka Felo hadi mlangoni kwake, akaketi na mzee huyo wakizungumza mpira hadi chai ikaletwa, na mwishowe yule mzee ndiye aliyekuwa ameshika kikombe akimnywesha Felo. Ua tukapewa.

Jumamosi ya kwanza walikuja wanne kutoka Kawangware, Mama Wambo mbele na Wambo mgongoni. Walitandika mikeka, wakawasha jiko. Majirani walisimama milangoni na kuangalia. Karibu na saa sita, mlango wa tatu kutoka kwetu ukafunguka, na jirani yetu Mama Brayo, ambaye tulichota maji naye na kuazimana chumvi tangu nilipojifahamu, akatoka amembeba msichana wa karibu miaka mitano. Nilikuwa nawajua watoto wote wa ploti ile kwa majina na kwa utani. Huyo sikuwahi kumwona. Mama Brayo alisimama katikati ya ua akiwa na aibu, akasema, "Huyu anaitwa Sharon." Mama yangu aliinuka. Wanawake wale wawili walitazamana, kila mmoja akikumbuka mazungumzo ya mferejini, nadhani, na idadi walizokuwa wakitajiana. Kisha mama akanyoosha mikono akampokea Sharon, na Mama Brayo akaoneshwa Wambo na mahali pa kushika.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Wambo hakutembea kamwe. Sasa ni mwanamke mzima, anakula mwenyewe kwa kijiko alichokunjiwa mpini, na ananijua nikiingia. Kuna watoto wa mkeka ule tuliowazika. Felo alipata maneno machache, hayazidi ya kujaza ukurasa, lakini anayatumia bila kuyapoteza, na anafanya kazi na baba kwenye karakana ndogo ya viti, akibandika tabaka kwa tabaka kwa subira ambayo mimi sina. Mama anaongoza kikundi hadi leo. Nimesoma, nimeajiriwa, nimesifiwa kwenye mikutano, lakini watu wakiniuliza ninajivunia nini, nafikiria alasiri moja ya Jumapili.

Felo alikuwa ametimiza miaka saba. Mvua ilikuwa imeacha juzi yake, na njia ya kutoka mlangoni kwetu hadi barabarani, ile ambayo mimi niliikimbia nikihesabu hadi mia, ilikuwa na tope pembeni na mtaro katikati. Alisimama mlangoni na kutuonyesha barabara kwa kidole. Baba alitaka kumbeba. Mama akamwambia atie mikono mfukoni aiache humo.

Akatoka. Hatua, kisha kusimama, kisha hatua. Alianguka karibu na choo, akainuka kwa kushika ukuta wa jirani. Akaanguka tena kwenye mtaro, na baba mikono ikatoka mfukoni, mama akamtazama, ikarudi. Milango ilianza kufunguka. Mama Brayo alitoka na Sharon kiunoni. Watu waliokuwa wakipita walijikuta nyuma yetu: wasichana wenye mitungi ya maji, mwanamume na mkokoteni wa makaa, mwanamke wa kanisani na viatu vyake mkononi. Njia ilikuwa nyembamba, na Felo alikuwa katikati yake. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza ni nini kinachozuia. Mwenye mkokoteni akashusha mpini chini, akajipangusa uso, na kumjibu, "Kuna mtu anatembea."

Hakuna aliyejaribu kupita. Nilikuwa hatua mbili nyuma ya ndugu yangu, nikiangalia visigino vyake vyenye tope, na sikutaka mtu yeyote duniani anitoe mahali pale. Alifika barabarani. Akashika mlingoti wa stima, akaangalia huku, akaangalia kule, akaridhika. Kisha akageuka, akauachia mlingoti, na kuanza safari ya kurudi nyumbani, nasi sote tukasogea kando ili apate nafasi.